Saa ya Swali, Saa ya Jibu

Kwenye kitanda cha mkewe alikuwa amelala mwanamke mwingine.

Mzee Waya alisimama mlangoni mwa wodi, mkono mmoja umeshika mfuko wenye gauni la bluu lililopigwa pasi, mkono wa pili umeshika viatu vya mkewe, vile vya ngozi visivyo na kisigino, alivyovipiga rangi mwenyewe asubuhi ile mpaka vikawa kama vipya. Alitazama vitanda vyote, akarudi kukitazama cha dirishani. Hakukosea. Kikabati kilikuwa kilekile chenye mlango uliolegea bawaba. Lakini juu ya kikabati palikuwa na miwani asiyoijua, na aliyelala pale alikuwa mama mnene wa makamo, mguu wake umefungwa plasta nyeupe hadi gotini.

Mama yule akavuta shuka hadi kidevuni.

"Baba, unamtafuta nani?"

"Mwenye kitanda hiki."

"Mwenye kitanda hiki ni mimi. Wameniweka hapa jana."

Mzee Waya akaweka viatu chini, akatoa simu mfukoni, akaifungua kwa kidole gumba. Maandishi ya kijani yakatokea yaleyale aliyoyasoma alfajiri, aliyoyasoma tena wakati wa chai, na mara nyingine ndani ya teksi: Mgonjwa anaendelea vizuri. Wodi ya mifupa, kitanda cha dirishani. Kutoka: Ijumaa. Na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Chini yake saa, na saa yenyewe ilikuwa ya dakika ileile. Akamgeuzia mama yule simu, kama mtu anayeonyesha hati ya kiwanja chake.

Mama akavaa miwani, akasoma, akaivua.

"Sasa simu yako inasema mimi ni mkeo," akasema. "Na mimi nina wangu nyumbani, tena ana wivu."

Siku nyingine Mzee Waya angecheka. Nyuma yake shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye nyumba nzima ilimwita Mama Mdogo, alikuwa amefika mlangoni akihema na chupa ya chai kwapani. Alitupa macho kitandani, akayarudisha kwa Mzee Waya.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Dada yangu yuko wapi?"

*

Mzee Waya alikuwa tarishi maisha yake yote ya kazi. Aliingia katika jengo kubwa la ofisi akiwa kijana mwembamba, akatoka na mvi akiwa mkuu wa matarishi, na jina la Waya alilipewa humo humo kwa kuwa habari ilifika naye upesi kama kwa waya wa simu. Baada ya kazi alikwenda shule ya jioni, mwaka baada ya mwaka, mpaka akapata cheti ambacho hadi leo kinaning'inia sebuleni juu ya redio. Alisoma kila kitu kilichoandikwa, pamoja na vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa.

Kwa hiyo binti yake wa mwisho, Kitinda, alipoajiriwa katika kampuni ya kutengeneza programu za simu, baba yake hakukubali kuambiwa tu kwamba "ni mambo ya kompyuta." Alitaka kuelewa. Kampuni ile ilikuwa imetengeneza programu ya ndugu wa wagonjwa: ukilaza mtu hospitali, unafuatilia hali yake kwenye simu bila kubanana getini. Kitinda alimweleza jikoni, huku akimenya vitunguu.

"Baba, hii programu haijui chochote kuhusu mgonjwa. Yenyewe ni tarishi. Inakwenda kwenye dirisha la mfumo wa hospitali, inauliza: mgonjwa namba fulani, hali yake? Mfumo wa hospitali unajibu, tarishi anarudi na jibu."

"Haingii ndani kupekua makabati?"

"Hairuhusiwi. Inabaki dirishani. Na swali lina namna yake ya kuulizwa, jibu nalo lina namna yake ya kutolewa. Ukiuliza vingine, hujibiwi. Dirisha hilo pamoja na taratibu zake ndilo tunaloliita API."

"Na dirisha likiwa limefungwa?"

"Tarishi anarudi mikono mitupu, anasema hakuna majibu."

Mzee Waya alifurahi siku ile kama aliyekutana na ndugu aliyepotea. Kwa kinyozi aliwatangazia watu kwamba dunia nzima sasa inaendeshwa na matarishi, ila wa siku hizi hawachakazi soli.

Kisha mkewe akateleza bafuni, akavunjika nyonga, akalazwa. Wodi ile ilipokea wageni siku chache tu za wiki, na simu ya mkewe, ambayo betri yake ilikuwa imekufa, ilibaki nyumbani kwenye droo. Kilichobaki ni programu ya Kitinda. Na siku ileile ya upasuaji, Mzee Waya alipoifungua kujua mkewe ametoka salama, alikuta maandishi ya kijivu: Hakuna majibu.

Alikaa chini jikoni, kwenye sakafu, mgongo umeegemea kabati la vyombo. Mama Mdogo alimkuta hapo akitokwa na jasho, midomo imekauka. Kumbe mkewe alikuwa ametoka salama, amelala usingizi wa dawa. Kompyuta za hospitali zilikuwa zimezimwa kidogo na kuwashwa tena.

Jioni yake Kitinda alikaripiwa na baba yake.

"Mtu anauliza kama mkewe yu hai, wewe unamwambia hakuna majibu? Ni adabu gani hiyo?"

"Ndio ukweli, baba. Dirisha lilikuwa limefungwa."

"Ukweli wa kuua watu kwa presha. Ulikuwa na jibu la saa moja kabla. Si ungenipa hilo? Mpe mtu jibu la mwisho ulilonalo mpaka jipya lije. Atalala usingizi."

Kitinda alifikiri. Kesho yake alilipeleka wazo kazini, wenzake wakalipenda, bosi akamsifu mbele za watu. Tangu hapo maandishi ya kijivu hayakuonekana tena kwa mtu yeyote. Mzee Waya naye hakuacha kumwambia kila aliyemtembelea: "Hilo la jibu la mwisho ni hoja yangu mimi."

*

Muuguzi wa zamu alikuwa binti mpole mwenye macho ya usingizi. Aliandika jina kwenye kompyuta, akangoja, akaandika tena.

"Nivumilieni, mzee. Huu mfumo tumeletewa mpya juzi, bado tunagombana nao." Kisha akasogeza uso karibu na kioo, na Mzee Waya, aliyekuwa amesoma nyuso za makarani madirishani kwa maisha yake yote, aliona uso ule ukibadilika. "Hayupo wodini hapa."

"Hayupo, maana yake nini?" Mama Mdogo akauliza.

"Amehamishiwa uangalizi maalumu. Tangu juzi."

"Kwa nini?"

"Damu iliganda mguuni, kipande kikapanda kwenye mapafu. Alishindwa kupumua." Muuguzi aliinua macho, na sasa yeye ndiye aliyeonekana kushangaa. "Lakini ninyi si mliambiwa? Hapa ujumbe umetumwa: ndugu wafike haraka. Umetumwa tena usiku. Umetumwa tena jana. Na kila mmoja umeandikwa umepokelewa."

"Umepokelewa na nani?" Mzee Waya aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo, akaona haya kuisikia.

"Na ninyi. Kwa simu."

Akaitazama simu mkononi mwake. Kijani. Anaendelea vizuri.

"Binti yangu," akasema, "niambie kitu kimoja. Yu hai?"

Muuguzi akaigeukia kompyuta. Akabonyeza hiki na kile.

"Wa kule wanaandika kwenye kurasa zao wenyewe, mimi sifunguliwi. Nendeni, mzee. Jengo la nyuma, mlango wa bluu. Nendeni sasa hivi."

Mzee Waya aliviokota viatu, wakatoka. Korido ilikuwa ndefu, inanuka dawa ya kudekia, na troli za nguo chafu zilisimama ukutani. Mama Mdogo alitangulia, kanga ikimvuka bega, akaongea bila kugeuka.

"Jana nilivaa kabisa. Nilifika mpaka mlangoni. Nikasema shemeji, usingizini nimemwota dada ananiita, ngoja niende hata getini. Ukaniambia nini?"

Mzee Waya aliharakisha hatua kumfikia.

"Uliniambia hospitali si sokoni, shemeji. Ukanisomea na simu."

*

Kwenye mlango wa bluu mlinzi alisema madaktari wamo ndani, hakuna kuingia mpaka waitwe. Waliuliza kama mgonjwa wao yumo. Alisema yeye kazi yake ni mlango. Waliketi kwenye benchi la chuma kando ya mwanamume mwenye ovaroli ya gereji aliyekuwa anachezea funguo.

Kitinda alifika akikimbia. Alikuwa amekuja na gari la rafiki yake ili amrudishe mama yake nyumbani, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameweka mito. Baba yake alimweleza kwa maneno machache. Binti hakulia. Alifungua begi, akatoa kompyuta yake, akapiga magoti na kuiweka juu ya benchi kama mtu anayetaka kusali.

Vidole vyake vilikimbia. Kisha vikasimama.

"Dirisha la zamani limefungwa," akasema. "Juzi. Walipoleta mfumo mpya wakafungua dirisha jingine. La kwetu wakalifunga."

"Lakini inaniambia sasa hivi. Tazama. Saa ni hii hapa, ya dakika hii."

Kitinda aliitazama simu ya baba yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hiyo ni saa ya swali, baba. Si saa ya jibu. Kila ukifungua, tarishi anakwenda, anakuta pamefungwa, anarudi na jibu la zamani. Halafu anapiga muhuri wa saa aliyokwenda. Mimi ndiye niliyeandika hivyo. Sikufikiria."

Katika miaka yake yote ya kazi, Mzee Waya aliwajua matarishi wavivu. Alimjua aliyejificha kwenye ngazi akivuta sigara kisha akarudi kusema bwana fulani hayupo. Aliwafukuza watu wa namna hiyo kazini, tena kwa ukali. Na sasa alikuwa ameajiri jeshi zima la matarishi kama hao, akawafundisha kusema uongo kwa upole, akaiita hoja yake.

"Na ujumbe?" akauliza. "Wanasema tumepokea."

"Unakuja kwetu kutoka mfumo mpya, umeandikwa kwa namna mpya. Mashine yetu inajibu nimepokea kabla hata ya kuufungua. Ikiufungua, haiuelewi, inauweka kando." Akaelekeza kidole kwenye skrini. "Upo hapa, baba. Wote upo hapa. Nauona."

"Soma."

"Baba."

"Nimesema soma."

"Ndugu wafike haraka, hali imebadilika. Huu ni wa kwanza. Wa pili: mgonjwa anamuulizia mumewe." Kitinda akafunga mdomo kwa kiganja.

Mama Mdogo aliinuka, akaenda kusimama akitazama ukuta.

"Na hakuna hata mtu mmoja aliyegundua huko kazini kwenu?" Mzee Waya akauliza.

"Huwa tunajua kuna tatizo watu wakilalamika. Hakuna aliyelalamika. Kila mtu anaona kijani."

Hapo ndipo yule fundi wa gereji alipoinua kichwa. Alikuwa amesikia neno moja tu katika yote.

"Ni ile ya kijani? Hata mimi ninayo." Akatoa simu, skrini imepasuka pembeni, akawaonyesha kwa tabasamu la mtu mwenye habari njema. "Mdogo wangu yuko wodi ya wanaume. Anaendelea vizuri. Nimekuja kumwona rafiki yangu mlinzi hapa tupige soga, baadaye ndiyo nipande kumsalimia. Sina haraka."

Mzee Waya aliitazama kijani ile kwenye mkono mweusi kwa grisi. Kwa mara ya kwanza tangu alipomkuta mwanamke mgeni kitandani, aliiona hospitali yote: wodi juu ya wodi, na nje ya ukuta wake mji mzima wa watu wanaokunywa chai, wanaochana nywele za watoto, wanaosema ngoja nitakwenda kesho, kwa sababu simu imesema vizuri.

"Ni wagonjwa wote wa hospitali hii?" akamuuliza binti yake.

"Wote waliomo humu."

"Unaweza kuzima lile langu? Lile la jibu la mwisho?"

"Naweza. Lakini nikilizima sasa hivi, kila mtu ataona hakuna majibu. Kwa wakati mmoja. Wataanguka jikoni, baba, kama ulivyoanguka wewe. Ngoja nimpigie bosi."

Alipiga. Waliisikia sauti ya bosi ikichakacha, nzito, ya mtu aliyekatizwa shughuli. Kitinda alieleza, akasikiliza, akaeleza tena, akashusha simu.

"Anasema tusiwatie watu hofu. Tusubiri kikao."

"Kikao," Mzee Waya alirudia. Akatazama mlango wa bluu, ambao bado haukufunguka, na ambao nyuma yake palikuwa na jibu lake, liwe lipi. Alitamani mtu atoke amwambie anaendelea vizuri. Alilitamani neno hilo hata kama ni la uongo, na kutamani kwenyewe kulimtia hofu kuliko mlango.

"Zima," akasema.

"Nitafukuzwa kazi."

"Utakula kwangu. Zima, mwanangu. Washtuke, waje wenyewe."

Kitinda aliandika mstari mfupi. Akaubonyeza.

Kwanza hakukutokea kitu. Kisha fundi wa gereji, aliyekuwa bado ameshika simu yake, akakunja uso. Akaipangusa kwenye ovaroli. Akaipangusa tena.

"Mbona imekuwa hivi? Hakuna majibu. Hakuna majibu, maana yake nini?"

"Maana yake hatujui," Mzee Waya akamwambia. "Na tangu juzi tulikuwa hatujui. Usikae hapa. Panda juu ukamtazame kwa macho yako."

Fundi alimtazama kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemfahamu. Funguo zilimponyoka zikaanguka sakafuni, hakuziokota. Walisikia buti zake zikikimbia ngazini. Halafu mahali fulani simu ya mezani ikaanza kulia, na nyingine chumba cha pili, na nyingine ghorofa ya juu, mpaka korido yote ikawa inalia, na muuguzi akapita mbio akishika kofia yake.

Katikati ya kelele hizo mlango wa bluu ukafunguka. Daktari kijana, barakoa imeshuka shingoni, akasoma jina la mkewe Mzee Waya, akauliza nani ndugu.

Hakuna aliyeinuka mara moja. Kitinda alimshika baba yake kwapa.

"Yupo," daktari akasema, alipoona zile nyuso. "Yupo, lakini amechoka sana. Usiku wa kwanza tulikaribia kumkosa. Tuliwatafuta sana. Mmoja tu, na asiongeleshwe mno."

*

Alikuwa mdogo kuliko alivyomwacha. Mirija ya hewa ilimwingia puani, mkono wake ulikuwa na michubuko ya sindano, na nywele alizozisuka kabla ya kulazwa zilikuwa zimefumuka upande mmoja. Mashine ililia taratibu kando yake. Mzee Waya aliketi kwenye kiti cha plastiki, akagundua kwamba bado amevibeba viatu.

Macho ya mkewe yalifunguka, yakamtafuta, yakamkuta. Hayakufurahi.

"Umekuja," akasema. Kila neno lilikwenda kuchukua pumzi yake mbali.

"Nimekuja, mama watoto."

"Nilikuita. Nikawauliza, ameambiwa? Wakaniambia ameambiwa. Ujumbe ameupata." Akapumzika. "Nikasema basi anavaa. Anatafuta kofia. Unavyochelewa na kofia. Kukapambazuka. Nikawauliza tena, wakasema ameupata."

Mzee Waya alifungua mdomo. Maelezo yote alikuwa nayo, tena ya kweli: dirisha lililofungwa, mfumo mpya, mashine inayosema nimepokea kabla ya kufungua. Angeweza kumweleza vizuri kuliko Kitinda. Aliyaona yote yamejipanga, na akaona kwamba hakuna hata moja linaloufikia usiku ule.

"Sikuupata," akasema.

Mkewe alimtazama kwa muda. Ikiwa alimwamini, hakuonyesha. Macho yake yakashuka hadi kwenye viatu vilivyong'aa magotini mwa mumewe.

"Na hivyo vya nini?"

"Vya kurudia nyumbani. Leo."

"Leo?" Pembe moja ya mdomo wake ilitikisika, ile iliyomcheka tangu ujana wao. "Nani kakwambia narudi leo?"

Nje simu zilikuwa bado zinalia. Mzee Waya akaviweka viatu chini ya kitanda, kimoja kando ya kingine, akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa chuma cha kitanda.

"Hakuna mtu," akasema. "Sikuja kuuliza mwenyewe."